Jinsi ya Kutumia Nyenzo za Kiuchumi Kupunguza Uchafuzi wa Samadi ya Mifugo

Samadi ni mbolea pale inapokidhi mahitaji ya shamba, na huwa uchafu wa maji na hewa pale inapoyazidi. Kinachoamua ni kiasi, mahali na wakati, na mambo hayo matatu huamuliwa na mfugaji kwa kutazama gharama anazozibeba yeye mwenyewe. Kuimwaga samadi ya ziada katika shamba lililo karibu na banda ni rahisi kuliko kuisafirisha hadi kwa mkulima wa mbali anayeihitaji, ilhali hasara ya uamuzi huo, yaani nitrati katika visima, mwani unaofunika maziwa na amonia inayosambaa angani, huwaangukia watu ambao hawakuulizwa. Mwanauchumi wa Uingereza Arthur Pigou alishaeleza mwaka 1920 kwamba hasara ya namna hii inaweza kurudishwa kwa anayeisababisha kwa njia ya kodi inayolingana nayo. Mwaka 1960 mwanauchumi Ronald Coase alitoa hoja tofauti, kwamba haki zikiwa wazi na zikiweza kuuzwa, pande zinazohusika zinaweza kufikia makubaliano zenyewe, mradi gharama za kukubaliana zisiwe kubwa. Karibu nyenzo zote zitakazoelezwa hapa chini zimechipuka katika mawazo hayo mawili.

Mwongozo huu unamlenga mtu aliyekabidhiwa kazi ya kupanga hatua hizo: ofisa wa mamlaka ya bonde la mto, mtendaji wa serikali ya eneo, au kiongozi wa chama cha ushirika cha wafugaji kinachotaka kujisimamia kabla hakijasimamiwa na wengine. Ushauri wangu mkuu ni kwamba usianze kwa kuchagua kati ya kodi na ruzuku. Anza kwa kuandaa hesabu ya virutubisho, yaani nitrojeni na fosforasi, vinavyoingia na vinavyotoka shambani, kwa sababu nyenzo yoyote isiyofungamanishwa na hesabu hiyo itauhamisha uchafuzi kutoka majini kwenda hewani, au kutoka bonde moja kwenda jingine, na huku taarifa za mwaka zikionyesha mafanikio.

Hesabu hutangulia

Kiwanda kina bomba, na mwenye kipimo anaweza kusimama mwisho wa bomba hilo akajua ni kitu gani kinatoka na kwa kiasi gani. Shamba halina bomba. Nitrojeni ikiwa katika umbo la nitrati hupenya udongoni polepole hadi kwenye maji ya ardhini, fosforasi hubebwa na mmomonyoko wakati wa mvua kubwa, na nitrojeni iliyogeuka amonia huruka kutoka kwenye sakafu ya banda, kwenye bwawa la samadi na kwenye shamba lililomwagiwa samadi bila kufukiwa. Kwa kuwa huwezi kukitoza kitu usichoweza kukipima, unalazimika kutafuta kipimo mbadala, na hapo ndipo mipango mingi huharibika.

Kipimo kinachowavutia watunga sera kwa wepesi wake ni idadi ya mifugo. Ni kweli kwamba ng'ombe huhesabika kwa urahisi, lakini tozo ya kila kichwa haimpi mfugaji sababu ya kubadilisha chakula, kufunika bwawa au kutafuta mnunuzi wa samadi, kwani akifanya yote hayo atalipa kiasi kilekile. Kipimo cha pili ni vifaa: je, mfugaji ana bwawa lililosakafiwa, ana tangi lenye mfuniko, ana mashine ya kuingiza samadi ardhini? Hiki ni bora kidogo, ila kinalipia kuwa na kifaa na kusahau iwapo kinatumika. Kipimo cha tatu, ambacho ndicho ninachokipendekeza kwa mashamba ya ukubwa wa kati na makubwa, ni mizania ya virutubisho kwenye lango la shamba. Unajumlisha nitrojeni na fosforasi zilizonunuliwa, unatoa zile zilizouzwa, na kinachobaki ndicho kilichoingia udongoni, majini au hewani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ndiyo mali ya mfugaji inayopotea kwa namna hiyo kila siku.

Tuchukue shamba la mfano lenye ng'ombe wa maziwa 100 na hekta 60. Kwa mwaka limenunua tani 300 za chakula cha mifugo chenye protini ya asilimia 18. Kiasi cha protini kikigawanywa kwa 6.25 hutoa kiasi cha nitrojeni, kwa hiyo chakula hicho kimeleta kilo 8,640 za nitrojeni. Mbolea ya dukani imeleta kilo 5,000 nyingine, na jumla ya kilichoingia ni kilo 13,640. Upande wa mauzo, maziwa kilo 700,000 yenye protini ya asilimia 3.3 yameondoka na takriban kilo 3,620 za nitrojeni (kwa maziwa kigawanyo ni 6.38), na mifugo iliyouzwa, tani 10 za uzito hai, imeondoka na kilo 250 hivi. Ziada ni kilo 9,770, sawa na kilo 163 kwa kila hekta. Hesabu hii imeacha nje nitrojeni inayoletwa na mikunde na ile inayoshuka na mvua, na shamba lenye mikunde mingi litapaswa kuiongeza, lakini hata ikiwa katika sura hii rahisi inaonyesha jambo ambalo macho hayalioni: chini ya theluthi moja ya nitrojeni iliyonunuliwa ndiyo iliyogeuka kuwa bidhaa.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha mahali pa kuanzia. Mfugaji akishusha protini ya chakula anachonunua kutoka asilimia 18 hadi 16, anapunguza kilo 960 bila kujenga chochote, ingawa inambidi amshirikishe mtaalamu wa lishe ili maziwa yasishuke. Akiipima samadi yake na kuiruhusu ichukue nafasi ya kilo 2,000 za nitrojeni ya dukani, ziada inashuka hadi kilo 6,810, yaani takriban kilo 114 kwa hekta. Kwa nguruwe, kila asilimia moja ya protini inayoondolewa katika chakula na kufidiwa kwa amino asidi zinazohitajika hupunguza nitrojeni inayotolewa na mnyama kwa takriban asilimia 8 hadi 10. Kwa nguruwe na kuku pia, kimeng'enya cha faitesi kikichanganywa katika chakula humwezesha mnyama kutumia fosforasi ya nafaka ambayo vinginevyo ingepita tumboni bila kusagwa, na hivyo madini ya fosforasi yanayoongezwa kwenye chakula hupunguzwa. Tozo ya kila kichwa ingezipuuza hatua zote hizi. Tozo inayohesabiwa kwa kilo za ziada inazitambua mara moja.

Weka daftari mbili, moja ya nitrojeni na nyingine ya fosforasi, na usikubali kuziunganisha. Ikilinganishwa na mahitaji ya mazao mengi, samadi huwa na fosforasi nyingi kwa kila kilo ya nitrojeni. Mkulima anayemwaga samadi hadi mmea utosheke na nitrojeni huwa amezidisha fosforasi, nayo hujikusanya udongoni kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuvuja kwa kiasi kinachoonekana.

Kutoza ziada

Uholanzi ndiyo nchi iliyojaribu njia hii kwa upana zaidi. Mfumo wake ulioitwa MINAS ulianza mwaka 1998, ukaenea kwa mashamba yote mwaka 2001, na ulitoza kila kilo ya nitrojeni na fosfati (fosforasi iliyoungana na oksijeni) iliyozidi kiwango kilichoruhusiwa kwa hekta. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa waliitikia, hasa kwa kupunguza mbolea ya dukani waliyokuwa wakiinunua bila sababu. Kwa nguruwe na kuku mambo yalikuwa magumu, kwa kuwa mashamba hayo huingiza na kutoa virutubisho vingi sana, na kosa dogo katika sampuli ya chakula au ya samadi iliyosafirishwa huzaa ziada kubwa ya karatasini. Mwaka 2003 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba mfumo huo haukutimiza Agizo la Nitrati la mwaka 1991, linaloweka ukomo wa kilo 170 za nitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka katika maeneo yaliyo hatarini, na kuanzia mwaka 2006 Uholanzi ikarejea kwenye viwango vya matumizi, yaani ukomo wa kiasi kinachoruhusiwa kumwagwa kwa hekta. Kwa maoni yangu fundisho la habari hii ni la kisheria na la kiufundi kwa pamoja: chunguza mapema kama sheria iliyo juu yako inadai ukomo wa wazi ambao tozo peke yake haiwezi kuutimiza, na usitumie mizania pale ambapo kosa la kipimo ni kubwa kuliko ziada unayotaka kuitoza.

Unapopanga kiwango cha tozo, linganisha na gharama ya njia ya bei nafuu zaidi ya kuiondoa ziada. Ikiwa kusafirisha kilo moja ya fosforasi nje ya bonde kunagharimu zaidi ya tozo, mfugaji mwenye akili atalipa na ataendelea kumwaga, na wewe utakuwa umebuni chanzo cha mapato kisichosafisha mto. Ikiwa tozo ni kubwa kupita kiasi, utapata samadi iliyouzwa kwenye karatasi na kumwagwa usiku. Tangaza kiwango cha mwanzo kilicho chini, pamoja na ratiba ya kukipandisha katika miaka inayofuata, ili anayejenga banda leo ajue bei atakayoikuta.

Kuna mbinu moja ambayo haipewi uzito unaostahili. Katika makubaliano ya mwaka 2024, Denmark ilipanga kutoza gesi za mifugo zinazopasha dunia joto kuanzia mwaka 2030, kwa kroner 300 kwa tani inayolingana na kaboni dioksidi, na kupandisha hadi 750 mwaka 2035, ikiwa na punguzo la msingi la asilimia 60. Punguzo hilo limefungwa kwenye wastani wa utoaji wa aina husika ya mnyama, wala halifuati utoaji wa shamba moja moja. Kwa hiyo mzigo wa jumla wa mfugaji ni mwepesi, lakini kila tani anayoipunguza inamwokolea kiwango kamili. Muundo huu unaweza kuhamishiwa kwenye nitrojeni bila shida: mpe kila mfugaji kiasi kisichobadilika cha kilo zisizotozwa kulingana na hekta alizonazo, kisha toza kilo zinazobaki kwa bei kamili. Anayepinga tozo kwa kuhofia kufilisika anapata jibu, na motisha haipotei.

Ruzuku na hatari zake

Ruzuku hupendwa na wanasiasa na wafugaji kwa sababu iliyo dhahiri, na wakati mwingine ndiyo njia pekee inayokubalika. Nchini Marekani mpango wa EQIP, ulioanzishwa kwa sheria ya kilimo ya mwaka 1996, huchangia gharama za hatua za kuhifadhi mazingira mashambani, na sheria ya mwaka 2002 iliagiza asilimia 60 ya fedha zake ziende kwenye mifugo. Tatizo la ruzuku ni kwamba huongeza faida ya ufugaji wenyewe. Bwawa likijengwa kwa fedha za umma, nafasi ya kuhifadhi samadi huongezeka, na nafasi hiyo humwalika mfugaji kuongeza mifugo. Tatizo la pili ni kwamba anayelipwa zaidi ni yule aliyekuwa akichafua zaidi, na jirani yake aliyejirekebisha mapema kwa gharama zake hubaki mikono mitupu. Hili linaniudhi kuliko yote, maana linawafundisha wafugaji wote kusubiri.

Kwa hiyo ruzuku iandikiwe masharti. Ifungwe kwenye kushuka kwa ziada iliyopimwa, na sehemu ya malipo icheleweshwe hadi daftari la mwaka wa pili lionyeshe matokeo. Iwekewe ukomo wa idadi ya mifugo kwa muda wote wa uhai wa kifaa kilichogharamiwa. Isifikie gharama yote, kwani mfugaji asiyechangia hana haja ya kuuliza kama kifaa kinafaa. Mwisho, itanguliwe na tangazo la tarehe ambayo baada yake kile kilichokuwa kikilipiwa kitakuwa wajibu wa kisheria.

Mitambo ya biogesi inahitaji kutajwa peke yake, kwa kuwa ndiyo inayoombewa ruzuku kubwa zaidi na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Mtambo hukamata methani, ambayo katika kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 zaidi ya kaboni dioksidi kwa uzito uleule, na faida hiyo ni ya kweli. Lakini nitrojeni na fosforasi zilizoingia katika mtambo hutoka nazo zote katika masalia. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya nitrojeni huwa imegeuka amonia, na ikimwagwa juu ya ardhi bila kufukiwa itaruka upesi kuliko ilivyokuwa katika samadi ghafi. Anayelipia biogesi kwa matumaini ya kusafisha mto amelipia kitu kingine. Ile mitambo ya pamoja ya Denmark iliyofanya vizuri ilifanya kazi ya ziada ambayo ndiyo iliyosaidia maji: ilikusanya samadi ya mashamba mengi na kuyagawa masalia upya kwa wakulima wenye upungufu. Katika mkataba wa ruzuku, andika ni hekta zipi zitakazopokea masalia, na kwa mashine gani, kabla ya kuandika ni umeme kiasi gani utakaozalishwa.

Kuna pia ruzuku ya kuacha. Baada ya kimbunga Floyd cha mwaka 1999 kufurika mabwawa ya samadi ya nguruwe huko North Carolina, Marekani, jimbo hilo lililipa baadhi ya wafugaji waliokuwa katika uwanda wa mafuriko ili wafunge mashamba yao kwa hiari. Pale ambapo eneo lenyewe halifai, kulipa mara moja ni nafuu kuliko kugharamia marekebisho yasiyokwisha.

Haki zinazouzika

Njia ya kumpa kila mfugaji haki ya kutoa kiasi fulani cha uchafu, na kumruhusu kuiuza, inafaa pale ambapo kuna ziwa au mto wenye ukomo unaojulikana. Katika bonde la ziwa Taupo, New Zealand, kila shamba lilipewa kiwango chake cha nitrojeni kinachoruhusiwa kuvuja, mashamba yakaruhusiwa kuuziana, na mfuko wa umma ukanunua na kufuta haki hizo ili kupunguza nitrojeni inayodhibitika kwa asilimia 20. Uholanzi nayo ilianzisha haki za fosfati kwa ng'ombe wa maziwa mwaka 2018, baada ya kufutwa kwa mgawo wa maziwa wa Ulaya (ukomo wa kiasi ambacho kila nchi iliruhusiwa kuzalisha) mwaka 2015 kuongeza ng'ombe hadi ukomo wa fosfati ukapitwa. Mwanzoni, kila haki zilipouzwa, asilimia 10 yake ilikatwa, kwa hiyo jumla ya haki ilipungua kadiri biashara ilivyoendelea.

Ukichukua njia hii, zuia mauzo yasivuke mpaka wa bonde, la sivyo haki zitahamia mahali palepale ambapo ardhi ni nafuu na maji yameshachoka. Hakikisha kuna wauzaji na wanunuzi wa kutosha. Ikiwa mtambo wa maji taka wa mji unataka kumlipa mfugaji apunguze badala ya kujirekebisha wenyewe, dai mfugaji apunguze zaidi ya kilo moja kwa kila kilo ya mtambo, maana ya mtambo imepimwa na ya shamba imekadiriwa.

Kuipa samadi soko

Tozo na haki hufanya kazi kwa wepesi zaidi pale ziada inapokuwa na mahali pa kwenda. Kikwazo ni maji: samadi ya maji huwa na maji zaidi ya asilimia 90, na hayo ndiyo yanayosafirishwa. Ikiwa tani moja ina kilo 4 za nitrojeni, na nusu yake tu ndiyo itakayoufaa mmea mwaka wa kwanza, mkulima anaiona tani hiyo kama kilo 2 za nitrojeni ya dukani pamoja na fosforasi na potasiamu kiasi. Jumlisha thamani ya virutubisho hivyo kwa bei ya mbolea ya eneo husika, toa gharama ya kumwaga, kisha gawanya kinachobaki kwa gharama ya kusafirisha tani moja kwa kilomita moja. Umbali utakaoupata ndio mpaka wa soko bila msaada, na mara nyingi utakuwa mfupi kuliko ulivyotarajia. Kutenganisha maji na yabisi hubadilisha hesabu hiyo, kwa kuwa fosforasi nyingi hubaki katika yabisi iliyo nyepesi kusafirisha, na maji yenye nitrojeni hutumika karibu.

Mkulima anayepokea huhofia mambo matatu: hajui kilichomo, samadi haiji kwa wakati, na hana wa kumlaumu. Kwa hiyo fedha za umma zinazotumika kulipia vipimo vya maabara, dalali anayeunganisha pande mbili, na mkataba wa mfano, huleta samadi nyingi zaidi kwenye mashamba yenye upungufu kuliko fedha zilezile zikilipia mafuta ya malori.

Pale wafugaji wadogo ni wengi

Kudai daftari kamili kwa kila mwenye ng'ombe 3 ni kupoteza muda wa kila mtu. Weka kizingiti cha ukubwa, na kwa walio chini yake hamisha tozo hadi mahali ambapo mikono ni michache: kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo, kwa kutoza fosforasi iliyozidi mahitaji ya mnyama, au kwa mwagizaji wa mbolea. Mwaka 1988 mwanauchumi Kathleen Segerson alipendekeza tozo au malipo kwa kundi zima kulingana na ubora wa maji kwenye kipimo cha pamoja. Kinadharia pendekezo hilo ni zuri, ila ningelitumia katika kijito kidogo tu, ambapo wafugaji wanajuana na wanaweza kuhimizana, na ningelianza kwa upande wa zawadi. Kumwadhibu mtu kwa kosa la jirani asiyemfahamu huvunja imani ambayo mpango mzima unaitegemea.

Kupima na kurekebisha

Usiuhukumu mpango kwa hali ya mto katika miaka ya kwanza. Maji ya ardhini yanaweza kuchukua miaka mingi, pengine miongo, kufika kwenye kijito, na fosforasi iliyokwisha kujikusanya udongoni itaendelea kuvuja hata baada ya umwagaji wa ziada kukoma. Katika kipindi hicho tazama ziada za daftari na vipimo vya udongo, kwani hivyo hubadilika mapema, na endelea kuchukua sampuli za maji katika vituo vilevile na misimu ileile bila kukatiza. Panga mapitio ya viwango vya tozo kila baada ya miaka 3, yafuate mfumuko wa bei pamoja na bei ya mbolea, kwa kuwa mbolea inapopanda bei samadi hupata wanunuzi yenyewe na ruzuku ya usafirishaji inaweza kupunguzwa mwaka huohuo. Mapato ya tozo yawekwe katika akaunti inayokaguliwa na wafugaji pamoja na watumiaji wa maji, na yalipie kwanza maabara na wakaguzi.